Mashine Yenye Akili na Mtu Mwenye Dhamiri



Kuna mgeni aliyeingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi. Hakuletwa na mjomba wala na shangazi. Amekuja ndani ya simu za watoto wetu, na sasa huketi nao mezani, huwafanyia kazi za shule, na usiku, sisi tukiwa tumekwisha lala, yeye bado azungumza nao. Wataalamu humwita akili bandia. Juma hili twapenda kumtazama usoni mgeni huyu, ili tujue namna ya kumkaribisha na mahali pa kumketisha.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Dominika moja, baada ya Misa, mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari alitujia akiwa na simu mkononi. Akasema: "Wazee wetu, simu hii yanijibu kila ninachoiuliza. Nimeiuliza hesabu, imejibu. Nimeiuliza historia ya Kongo, imejibu. Nimeiuliza hata katekisimu, imejibu vema kuliko mimi. Basi, ikiwa inayajua hayo yote, kwa nini nisiiulize pia lipi ni jema na lipi ni baya, kisha nifuate itakavyosema?"

Mzee mmoja aliyesimama karibu aliposikia hayo alikasirika. "Mwanangu," akasema, "itupe mbali! Hiyo ni kazi ya Shetani." Kijana akanyamaza kwa heshima, lakini tuliona usoni pake kwamba hakusadiki. Nasi, twakiri mbele yenu, hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliwaomba wote wawili siku chache za kufikiri na kusali. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Akili ni zawadi ya Mungu

Twaanza na mzee wetu, maana mkubwa hutangulizwa. Mzee, hofu yako ina sababu yake, lakini Kanisa halifundishi kwamba kila kitu kipya ni cha Shetani. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ili ailime na kuitunza. Hakumwambia alime kwa kucha zake. Alimpa akili, na kwa akili hiyo mtu akafanya jembe, kisha gurudumu, kisha kalamu, kisha mashine ya kuchapa gazeti kama hili unalolishika mkononi.

Baba Mtakatifu Pio XI hakuogopa redio. Alimwita Marconi mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa redio, amjengee mitambo, na tarehe 12 Februari 1931 sauti ya Papa ilisikika kwa mara ya kwanza hewani kutoka Vatikani. Na sisi wa Kongo tunao mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Mkuu wake alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, naye alikuwa mtaalamu wa mambo ya atomu. Mwaka 1959 chuo hicho cha Kikatoliki kiliwasha mtambo wa nyuklia kwa ajili ya masomo na utafiti, na huo ulikuwa wa kwanza katika Afrika nzima. Kwa hiyo, mzee wetu, mtambo ule ulioshangaza watu wengi uliletwa na padri aliyekuwa akisoma Misa.

Lakini hapo hapo twaonyeshwa upande wa pili. Nguvu za mtambo wa namna hiyo hutoka katika madini ya urani. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani waliitumia kwa kazi yao ya kutengeneza bomu la atomu ilitoka katika machimbo ya Shinkolobwe, huko Katanga. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilitupwa juu ya mji wa Hiroshima, Ujapani, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga. Udongo wa kwetu uliingia katika kazi ile, na wengi wa wachimbaji hawakujua wanachimba nini.

Tazameni basi: urani ya darasani na urani ya bomu ni kitu kimoja. Jiwe halikuchagua. Wanaochagua ni watu. Yafaa tulikumbuke jambo hilo tunapomtazama mgeni wetu wa siku hizi.

Mgeni huyu ni nani?

Neno "bandia" si geni kwetu. Mtoto wa bandia ana macho, ana mikono, huvikwa nguo na kubebwa mgongoni. Lakini hali, halii, wala haugui, na msichana anayecheza naye ajua vema kwamba si ndugu yake. Akitoka mchezoni, humweka chini akaenda kumbembeleza mdogo wake anayelia kweli.

Akili bandia nayo ina sura ya akili. Tarehe 30 Novemba 2022 mashine moja ya namna hiyo, iitwayo ChatGPT, ilifunguliwa kwa watu wote, na tangu siku hiyo nyingine nyingi zimefuata. Watu walikusanya maandishi mengi mno, kuliko mtu mmoja awezavyo kuyasoma hata kama angeishi miaka elfu. Maneno yakakatwa vipande vipande, yakageuzwa tarakimu, na mashine ikapiga hesabu zisizo na idadi mpaka ikazoea kukisia ni neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza swali, haiitafuti kweli moyoni mwake, kwa maana haina moyo. Yakisia neno lifaalo kufuata, kisha jingine, kisha jingine. Ndiyo sababu mara nyingi hujibu sawasawa, na mara nyingine hutunga jambo lisilokuwako, ikalisema kwa hakika ile ile, bila haya.

Tarehe 28 Januari 2025 idara mbili za Vatikani zilitoa hati juu ya jambo hili, iitwayo Antiqua et Nova, yaani "Ya kale na mapya". Hati hiyo yasifu kazi ya wataalamu, lakini yatuonya tusiihesabu mashine hii kuwa aina nyingine ya akili ya kibinadamu. Ni tunda la akili ya mtu. Na tunda, hata likiwa kubwa namna gani, si mti.

Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali siku mbili baadaye kwa nini alichagua jina hilo. Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwatetea wafanyakazi wakati mashine za viwanda zilipobadili maisha ya watu. Leo hii mashine nyingine zabadili tena maisha na kazi, nalo Kanisa halina budi kuitetea tena heshima ya mtu, haki na kazi yake.

Jasho lililomo ndani ya simu

Wengine hudhani kwamba akili hii imeshuka kutoka mawinguni. Sivyo. Simu ambamo yazungumza ina betri, na ndani ya betri nyingi mna kobalti. Zaidi ya sehemu 70 kwa 100 za kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika Kongo yetu, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Ndani ya vyombo vyake vidogo mna madini yatokayo katika koltani, na koltani huchimbwa katika vilima vya Rubaya, huko Masisi. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa Kolwezi wameonekana watoto wakiosha mawe na kubeba magunia, saa ambayo wenzao wako darasani.

Wala si jasho la wachimbaji peke yake. Mwezi wa Januari 2023 ilielezwa duniani kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya uchafu na ya ukatili na kuyatia alama, mashine ipate kujifunza kuyakataa. Ikikujibu kwa adabu, kumbuka kwamba yuko ndugu yako aliyeyasoma machafu kwa niaba yake, akaenda nayo kulala.

Ukiiuliza mashine juu ya watoto wa machimbo, itakuandikia ukurasa mzuri uliojaa maneno ya huruma. Lakini haitakosa usingizi kwa ajili yao hata usiku mmoja. Haitauza shati lake ili kuwalipia karo. Papa Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwakemea wale wanaoitazama Afrika kama shimo la kunyonya mali. Kemeo la namna hiyo hutoka kwa mtu ambaye moyo wake umechomwa.

Mchele wa Goma

Sasa twamjibu kijana wetu aliyeuliza kama mashine yaweza kumwambia lililo jema. Hatutamjibu kwa hoja tu. Twamjibu kwa maisha ya mtu mmoja wa nchi yetu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu, na pamoja na rafiki zake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, akawekwa mpakani Goma. Kazi yake ilikuwa kutazama vyakula vinavyoingia, na kuvizuia vile vilivyoharibika.

Siku moja ukaja mchele ulioharibika. Wenye mali hawakutaka hasara. Wakamletea fedha apitishe mzigo, naye akakataa. Vitisho vikafuata, naye akakataa. Mtawa mmoja aliyezungumza naye wakati ule alishuhudia baadaye kwamba Floribert aliwaza hivi: fedha zitakwisha upesi, lakini wale watakaokula chakula hicho itakuwaje kwao? Na akijitia katika jambo hilo, je, angali anaishi katika Kristu? Mwezi wa Julai 2007 watu walimteka, wakamtesa na kumwua. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wapenzi, hebu tufikiri pamoja. Je, siku ile pale mpakani ni maarifa yaliyokosekana? Hapana. Kila mtu alijua kwamba mchele umeoza. Floribert alijua, wenye mali walijua, na hao waliopeleka fedha walijua zaidi kuliko wote, maana mtu hatoi hongo kwa mchele mzuri. Ingekuwako mashine yenye akili pale, ingepima mchele kwa dakika chache na kuandika hesabu zake bila kosa. Lakini baada ya hesabu kuandikwa, lingebaki lile lile swali la zamani: nani atasema "hapana"? Na mashine ile ile iliyoandika cheti cha kweli ingeweza kuandika cheti cha uwongo kwa herufi nzuri vile vile, kama mwenye kuishika angeiamuru hivyo. Haina mama wa kuomboleza. Haina roho ya kupoteza wala ya kuokoa. Haijapata kamwe kutoa kitu chake kwa ajili ya kweli, kwa sababu haina kilicho chake.

Hiyo ndiyo dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, ulitufundisha kwamba ndani ya kila mtu mna mahali patakatifu ambapo yu peke yake na Mungu na kuisikia sauti yake. Mashine haina mahali hapo. Yaweza kukukumbusha Amri Kumi kwa mpango wake, lakini haiwezi kuzishika hata moja, wala kuvunja hata moja, wala kutubu. Kijana wetu, ukiiachia mashine ikuchagulie jema na baya, hujapata mwalimu. Umemwacha Mungu akikungoja peke yake mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kuingia kwa niaba yako.

Kwa sababu hiyo Papa Fransisko, alipozungumza na wakuu wa mataifa makubwa huko Italia tarehe 14 Juni 2024, alisema kwamba mashine isiruhusiwe kamwe kuamua kumwua mtu. Asiyejua kufa asipewe mamlaka ya kuua.

Matumaini yetu yako wapi?

Katika nchi za mbali wako wanaotangaza kwamba mashine hizi zitamaliza umaskini, zitamaliza magonjwa, hata kifo zitakishinda. Sisi hatucheki kazi njema. Kama mashine yamsaidia mganga kugundua ugonjwa mapema, twamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa waliyoiunda. Lakini msaada si wokovu. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, alieleza kwamba sayansi yaweza kufanya mengi kwa ajili ya wanadamu, nayo yaweza pia kuwaangamiza. Kinachomkomboa mtu ni upendo. Waraka huo ulitolewa mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule ambao Floribert alikufa. Yeye alikwisha liandika fundisho hilo kwa damu yake kabla halijaandikwa kwa wino.

Waliomwua walidhani wamemaliza jambo. Mwili ulizikwa, na wengine labda walisema: amepata faida gani? Kwa hesabu za mashine, Floribert alishindwa: upande mmoja fedha na uhai, upande mwingine magunia ya mchele ulioharibika. Hakuna mashine ya hesabu ambayo ingemshauri afanye alivyofanya. Lakini tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye heri na mfiadini. Goma yenyewe ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari mwaka ule, na ibada haikufanyika kwao. Hata hivyo, mtoto wa Goma aliyekataa hongo aliinuliwa mbele ya ulimwengu mzima wakati mji wake ukilia.

Hayo ndiyo matumaini ya Kikristu, ndugu zetu. Hayasemi kwamba kesho mambo yatakuwa rahisi. Yasema kwamba wema uliotendwa katika Kristu haupotei kaburini, kwa maana Kristu mwenyewe hakubaki kaburini.

Basi tufanyeje?

Ninyi wazazi, msitupe simu za watoto wenu mtoni, wala msiwaachie tu. Ketini nao. Waulizeni: "Leo mashine imekuambia nini? Wewe waonaje? Umejuaje kwamba ni kweli?" Mtoto anayezungumza na baba na mama hatahitaji kuzungumza na mashine hadi usiku wa manane. Wala msisahau kwamba dhamiri ya mtoto hufundishwa kwanza na macho yake. Akikuona watoa hongo kwa polisi, au wanunua matokeo ya mtihani wake kwa mwalimu, utakuwa umemfundisha mambo ambayo hakuna mashine ingemfundisha upesi namna hiyo.

Ninyi wanafunzi, itumieni mashine kama mnavyotumia kamusi, wala msiitumie kama mgongo wa mwenzenu wa kuwabebea mzigo. Andikeni insha zenu wenyewe, hata zikiwa na makosa. Mwalimu aweza kusahihisha kosa lako, lakini hawezi kusahihisha akili ambayo hukuitumia. Na anayedanganya leo katika insha ya ukurasa mmoja anajizoeza kwa ajili ya siku atakayoshika muhuri mpakani.

Nanyi mnaofanya kazi katika ofisi, forodhani, hospitalini, shuleni na machimboni: siku yaja ambayo mashine nyingi zitaletwa kwenu, nazo zitapima, zitahesabu na kuandika. Msiseme basi: "Mashine ndiyo iliyoamua." Pilato naye alitafuta maji ya kunawa mikono.

Kijana wetu, tulikuomba siku chache, sasa umepata jibu letu. Iulize simu yako njia ya kukokotoa hesabu, iulize mwaka wa vita, iulize jina la mto. Lakini saa ya kuchagua jema na baya, izime kidogo, upige magoti. Mzee wetu naye asikasirike tena, bali akusimulie jinsi yeye alivyochagua siku alipojaribiwa, maana hayo hayamo ndani ya simu yako.

Nasi sote tusali hivi: Ee Mungu Baba, uliyetupa akili ya kuunda vyombo, utupe na moyo wa kuvitawala. Utujalie watu wasionunulika, na utuanzie sisi wenyewe.

Mwenye heri Floribert, mtoto wa Goma, utuombee.